Mwandiko wa Mwovu

Wasomaji wenzangu, fungueni hadithi yoyote ya upelelezi iliyoandikwa na kijana wa rika letu, mwende moja kwa moja pale inapopatikana barua. Maana barua lazima iwepo. Imepenyezwa chini ya mlango, au imekutwa katika mfuko wa koti la marehemu. Sasa tazameni mwandishi anavyoieleza. Kama aliyeiandika ni mwovu, herufi zake zimepinda, zina ncha kali, zimesongamana kama watu wanaonong'onezana. Kama ni binti mwema, mwandiko ni wa duara, umetulia juu ya mstari. Hatujasoma hata neno moja la barua yenyewe na tumeshaambiwa yupi wa kumpenda na yupi wa kumwogopa. Mpelelezi anaikunja karatasi, anatikisa kichwa, anasema, "Huyu ni mtu katili." Na kweli, ukurasa wa mwisho ukifika, katili ndiye huyo huyo.

Sasa mimi nauliza, amejuaje?

Tabia hii hatukuibuni sisi. Sisi wa Kiswahili tuna Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetoka na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na nyuma ya moshi wa kiko kile kila msomaji anamwona Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Wengi wetu tumejifunza upelelezi kwa hao wawili, kwa kusoma vitabu vilivyochakaa hadi jalada limetoka. Basi twende kwa Holmes mwenyewe.

Katika The Sign of Four, kitabu cha mwaka 1890, binti mmoja anamletea Holmes barua aliyotumiwa na mtu asiyemjua. Baadaye Holmes anampa rafiki yake, Daktari Watson, maandishi yale ayatazame: unamwonaje aliyeandika haya? Watson anajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: mwandiko unasomeka, umepangika, bila shaka ni mtu wa shughuli zake na mwenye nguvu fulani ya tabia. Holmes anatikisa kichwa. Anamwonyesha herufi ndefu ambazo hazikusimama juu ya wenzake, d inayoweza kusomwa a, l inayoweza kusomwa e. Watu wenye msimamo, anasema, hata waandike vibaya vipi, herufi zao ndefu hurefuka. Huyu k zake zinayumba, na herufi zake kubwa zinajisikia.

Tunafika kwa mwandikaji wa barua, Thaddeus Sholto, na tunamkuta mtu mwenye wasiwasi, anayetetemeka, mwenye kujipenda. Msomaji anapiga makofi, mimi pia nilipiga. Lakini hebu tutulie kidogo. Nani aliandika barua ile? Doyle. Nani alimwumba Sholto akamtia wasiwasi? Doyle huyo huyo. Ni sawa na mtu anayeficha shilingi chini ya kikombe kisha anashangilia kuiona. Ndani ya kitabu mwandiko hauwezi kumsingizia mtu, kwa sababu mwenye kitabu ameshamtengeneza mtu afanane nao. Doyle angetaka, Sholto angekuwa simba wa vita mwenye k zinazoyumba, na sisi tungeamini vile vile.

Kumbe huyo Doyle alipambana na mwandiko nje ya kitabu pia, na huko haukumtii.

Alikuwepo wakili kijana, George Edalji, aliyeishi Great Wyrley, kijiji cha Staffordshire huko Uingereza. Baba yake alikuwa Mparsi kutoka India aliyekuwa kasisi wa kanisa la Kianglikana la hapo kijijini. Unaweza kukisia wanakijiji wengine walivyomtazama yeye na wanawe. Mwaka 1903 farasi na mifugo mingine ilikuwa ikichanwa matumbo usiku. Barua zisizo na jina zikasambaa, nyingine zikimtaja Edalji. Polisi walimkamata, na mahakamani akaitwa mtaalamu wa maandishi aitwaye Thomas Gurrin, aliyesema kwamba barua zile aliziandika Edalji mwenyewe. Je, hazifanani na mwandiko wake? Amegeuza mkono, akasema mtaalamu. Edalji akahukumiwa miaka saba, akatumikia mitatu. Gurrin huyu huyu alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya Adolf Beck mwaka 1896, na mwaka 1904 ikathibitika kwamba Beck alifungwa kwa makosa ya mtu mwingine.

Hapo pa "amegeuza mkono" ndipo penye sumu. Mwandiko ukifanana, una hatia. Usipofanana, una hatia na ujanja juu yake. Ufaransa waliyaona hayo hayo mwaka 1894 katika kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus, pale Alphonse Bertillon alipodai kwamba tofauti zilizokuwamo katika karatasi ya usaliti ni Dreyfus aliyezitia makusudi. Karatasi ilikuwa ya Esterhazy, na Dreyfus akaozea kisiwani miaka zaidi ya minne.

Doyle alipoichukua kesi ya Edalji alikwenda kuonana naye hotelini, mwanzoni mwa mwaka 1907. Alimkuta anasoma gazeti, amelisogeza karibu kabisa na uso na kulielekeza upande. Doyle alikuwa daktari wa macho. Akajua papo hapo kwamba mtu asiyeona hatua chache mbele yake hawezi kuvuka mashamba na reli usiku wa giza akawavizia farasi. Mnaona? Mwenye Holmes alimtetea mtu kwa macho yake mabovu, wala si kwa k wala kwa herufi kubwa. (Baadaye naye akaanza kulinganisha miandiko ili kumpata mkosaji halisi, akamnyooshea kidole mtu ambaye hakushitakiwa kamwe. Mazoea yana taabu.)

Haki itendeke: kutambua nani ameandika ni jambo moja, na kusoma moyo wa aliyeandika ni jambo jingine. La kwanza lina kanuni zake na linaweza kufanywa kwa uangalifu au kwa ovyo. La pili ndilo hadithi zetu zinalolipenda. Wazungu wanaliita grafolojia, jina lililoenezwa na padri wa Kifaransa, Jean-Hippolyte Michon, miaka ya 1870. Mistari inayopanda kuelekea mwisho, mtu ana matumaini. Inayoteremka, ana huzuni. Herufi zinazolalia kulia, moyo uko wazi. Zinazolalia kushoto, moyo umefungwa. Ukitazama vizuri utaona kwamba haya ni mafumbo ya lugha yaliyovalishwa koti la sayansi. Kupanda ni kuzuri, kushuka ni kubaya, nani asiyejua? Ndiyo maana yanaingia akilini upesi, na ndiyo maana waandishi tunayapenda, kwa kuwa kazi yetu ni mafumbo.

Yamepimwa lakini. Mwaka 1989 watafiti wawili, Neter na Ben-Shakhar, walikusanya majaribio yaliyofanywa juu ya waombaji kazi na watumishi, wakalinganisha wataalamu wa mwandiko na watu wasioujua utaalamu huo. Wataalamu hawakuwashinda wasiojua. Na hata kile kidogo walichopatia, maelezo yake yamo katika maneno yenyewe, kwa kuwa watu wale mara nyingi walikuwa wameandika habari za maisha yao. Soma tena hapo, kijana mwenzangu unayeandika hadithi. Kilichomfichua mtu ni alichosema.

Na kwa nini mtu akisomewa mwandiko wake hutoka akisema "huyu bwana ananijua"? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Yalikuwa yale yale kwa wote, sehemu kubwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. Walipoambiwa wayapime kwa alama kutoka sifuri hadi tano, wastani ulikuwa 4.26. Maelezo yakiwa mapana, kila mtu anapata pa kukaa.

Sasa nirudi kwetu, maana ndipo panaponiuma zaidi.

Mwandiko wa mtu wa kwetu unaeleza nini? Unaeleza kama darasani mlikuwa arobaini au mia na ishirini. Unaeleza kama ulijifunza kwa daftari la mistari au kwa kijiti mchangani, kama peni ilikuwa yako au mliazimana watatu. Wapo waliozaliwa na mkono wa kushoto wakachapwa hadi wakahamia wa kulia, na mpaka leo herufi zao hazijui zielekee wapi. Mtaalamu wa padri Michon akiwaona hao atasema mioyo yao imefungwa. Haikufungwa, bwana, ilichapwa. Kwa hiyo tunapompa mwovu wetu mwandiko mbaya na mwema wetu mwandiko mzuri, tunachosema hasa ni kwamba aliyesoma shule nzuri ni mwema. Sidhani kama kuna hata mmoja wetu anayeamini hivyo, lakini kalamu zetu ndizo zinazosema. Yamekuwepo pia matangazo ya kazi yaliyodai barua ya maombi iandikwe kwa mkono, na nani anajua ni wangapi walitupwa kapuni kwa sababu ya mkia wa g.

Halafu kuna barua za kuandikiwa. Bibi yuko kijijini, hajui kusoma; anamwita mjukuu au mtoto wa jirani, anakaa kwenye mkeka, anasema, mtoto anaandika. Mjini kulikuwa na wazee wenye mashine za taipu nje ya posta, wakiandika mapenzi, madeni na misiba ya watu kwa herufi zile zile za chuma. Hapo mwandiko utamsoma nani? Mtoto wa jirani? Taipu? Lakini sauti ya bibi imo yote, hadi pale anapokatisha habari ya mavuno kukumbusha deni la mbuzi. Huyo ndiye mhusika, na hakuna aliyehitaji kutuambia herufi zake zilikaaje.

Au mchukueni Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki miaka ya 1940. Alinakili tendi nyingi kwa herufi za Kiarabu, na kazi yake imo katika maktaba za Ulaya hadi leo. Mkono wake unapendeza, mtu anaweza kuutazama tu hata kama hausomi. Huyo huyo alikuwa mshairi, mchongaji wa mbao, mpigaji muziki na mtu wa ngoma. Ukiupewa mwandiko wake peke yake utasema huyu alikuwa mnyenyekevu wa kutulia na kitabu. Ngoma utaiona wapi humo? Ule ni ustadi aliojifunza, kama alivyojifunza kushika patasi.

Sisemi tuziondoe barua katika hadithi. Siku hizi wahusika wetu wanatumiana ujumbe kwa simu, na herufi za simu ni sawa kwa wote, basi barua ya mkono ikitokea inakuwa na uzito wake. Ila ifanyishwe kazi inayoiweza. Na mfano mzuri kuliko yote naukuta kwa Doyle huyo huyo, katika hadithi ya mwaka 1893 iitwayo The Reigate Squires. Humo mna kipande cha karatasi kilichochanika, kimeshikwa na marehemu. Holmes anagundua kwamba kimeandikwa na watu wawili wakipokezana neno kwa neno: mmoja mwenye mkono wa nguvu aliandika maneno yake kwanza akiacha nafasi, mwingine, mzee, akaja kuzijaza, na pengine nafasi hazikumtosha akayabana. Hatuambiwi kwamba herufi ni katili. Zipo na majigambo yake ya kawaida, eti yako mambo mengine 23 aliyoyaona, na Doyle kwa hisani yake anatuepusha nayo. Lakini tazameni kile chembamba kinachobaki: kwa nini wawili waandike karatasi moja? Kwa sababu mmoja hakumwamini mwenzake, akataka jambo likiharibika wote wawili wawemo. Na hao walikuwa baba na mwana.