Nusu Sentensi ya Shekhar Mehta

Vijana ninaokutana nao kila Jumamosi hapa Busia, upande wa Uganda, karibu wote wana picha moja kwenye simu zao. Ni Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, pua ndefu, milango miwili, matope mpaka kwenye kioo. Wametumiana mpaka imefifia. Ukiwauliza ni gari la nani, wanajibu kwa pamoja: la Mehta. Ukiwauliza Mehta alikuwa mtu wa wapi, wanasema Mkenya, halafu wanarudi kubishana juu ya magari ya siku hizi yanayokimbia Naivasha.

Mimi pia nilijua hivyo. Niliambiwa na mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa magari Eldoret. Alikuwa na Datsun 160J nzee, aina ile ile iliyompa Mehta ushindi wa Safari Rally 1979 na 1980, na alikuwa akiipangusa kila jioni hata kama haikutoka siku hiyo. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kula ndani. Januari 2008 tulipokimbia tulipanda lori la mtu. Datsun ilibaki imeinuliwa kwa jeki, maana alikuwa ameanza kutengeneza breki za mbele. Tulivuka Malaba usiku, tukapelekwa Mulanda, hapa wilaya ya Tororo, kwenye kambi ya muda. Nilikuwa na miaka minane.

Ndani ya hema lile ndipo niliposikia hadithi ya Mehta yote. Ushindi mara tano: 1973, halafu 1979, 1980, 1981, 1982, minne ya mwisho mfululizo. Mjomba alijua kusimulia. Giya alizibadilisha kwa mdomo. Alikuwa anashusha sauti gari linapoingia mtoni, ananyamaza kabisa, sisi watoto tunashika pumzi, halafu injini inakohoa upande wa pili. Watoto wa mahema mengine walikuja. Kila usiku Mehta alifika.

Nimekuja kuisoma hadithi hiyo mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na mbili. Leo nataka kuihakiki kama tunavyohakiki shairi au riwaya, kwa sababu ni hadithi iliyotulea na hakuna aliyeiuliza maswali.

Karibu kila makala niliyosoma juu ya Shekhar Mehta ina umbo moja. Alizaliwa Uganda 1945 katika familia ya Kihindi yenye mashamba. Akaanza mbio za magari akiwa kijana. Halafu inakuja nusu sentensi: kwamba 1972, Idi Amin alipofukuza Wahindi, alihamia Kenya, koma, na Pasaka ya 1973 akashinda Safari Rally akiwa na Datsun 240Z. Baada ya hiyo koma makala inapata pumzi. Unaelezwa jinsi alivyofungana pointi na Harry Källström, Mswidi aliyekuwa na Datsun nyingine, na jinsi kanuni ya kuvunja sare ilivyompa Mehta ushindi. Unaelezwa juu ya matairi, na msoma ramani wake, na matope. Sare inapewa aya mbili. Nchi iliyopotea inapewa koma.

Sisi tunaokaa huku tuna sababu yetu ya kuikasirikia hiyo koma. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alizungumza na wanajeshi kwenye kambi yao Tororo, na ni hapo alipotangaza kwamba Wahindi wenye pasipoti za Uingereza lazima waondoke. Walipewa siku tisini. Wengi walipanda ndege Entebbe, lakini wako waliopanda treni kwenda Mombasa kutafuta meli, na reli ya kwenda Mombasa inapita Tororo. Kwa hiyo mtu alipita na sanduku lake chini ya lile jiwe kubwa tunaloliona kila siku, karibu na kambi ambamo maneno ya kumfukuza yalisemwa. Hebu fikiria ungeisoma safari hiyo kwa urefu ule ule wanaoupa sare ya Källström.

Sisemi waandishi wa magari ni watu wabaya. Naona ni mazoea, na mazoea hayo yana historia. Safari Rally ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Nchi zote tatu zilikuwa mikononi mwa Mwingereza. Mwenye gari aliondoka Nairobi akapita mpakani kama anayepita kutoka sebuleni kwenda jikoni. Hadithi ya gari lenye mbio linalokata nchi baada ya nchi, na dereva hana shida nyingine ila mvua na twiga, ilizaliwa katika nyumba ya mtu mmoja. Nyumba iligawanywa, hadithi ikabaki na ramani ya zamani. Hata leo ukisoma mtu anayesimulia alivyoendesha kutoka Kampala mpaka Mombasa na gari lake analolipenda, Busia au Malaba inapata mstari mmoja wa utani juu ya foleni.

Njoo basi usimame nami hapa Busia kidogo. Tangu 2018 kuna kituo kimoja, unasimama upande unaoingia tu, na kusema kweli mambo yamekuwa mepesi. Lakini mwenye gari bado anatafuta kadi ya njano ya bima ya COMESA, anatafuta kibali cha gari, anafungua buti. Trela zimejipanga. Walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu wanavusha mizigo ya watu. Bodaboda wanaita, na jina lao lenyewe lilizaliwa kwenye mipaka hii, siku za baiskeli zilizobeba watu kutoka mpaka mmoja kwenda wa pili. Mkenya au Mganda anaonyesha kitambulisho cha taifa anapita. Mimi nina kadi ya mkimbizi, nayo haivuki. Nikipata hati ya kusafiria ya mkimbizi, itanipeleka nchi nyingi, ila si ile ninayoiona kutoka dirisha la chumba tunachofanyia kazi. Kwa hiyo mtu akiruka mpaka katika hadithi yake, mimi naona ameruka nyumbani kwetu.

Iko kazi moja ya sanaa isiyoruka. Filamu ya Mira Nair, Mississippi Masala, ya 1991, inaanza na familia ya Kihindi ikiondoka Kampala 1972. Ni basi tu, si gari la mbio. Wanajeshi wanalisimamisha, mama anashushwa, vitu vyake vinapekuliwa, mume na mtoto wamebaki ndani wanatazama. Hakuna haraka. Baadaye familia iko Marekani, kuna mapenzi, kuna vichekesho, Denzel Washington yuko pale na tabasamu lake, lakini lile basi halikutoki kichwani, na ndiyo maana yule baba anayeandika barua miaka na miaka kudai nyumba yake hatumwoni mjinga. Tuliionyesha kwenye kundi letu. Vijana walilalamika kwamba hakuna magari. Walinyamaza basi liliposimamishwa.

Hapo ningeweza kumaliza, ningekuwa nimewapiga waandishi wa magari na sote tungepiga makofi. Shida ni kwamba sisi wenyewe, jarida hili, tuna nusu sentensi yetu.

Mmeziona zile orodha. Mimi mwenyewe niliandika moja: watu mashuhuri waliokuwa wakimbizi, na Mehta nikamweka pale katikati. Niliandika kwamba taabu ya kufukuzwa ilimpa nguvu ya kushinda. Niliipenda sana sentensi hiyo. Sasa tazama tarehe. Mwaka 1971 Mehta alishika nafasi ya pili kwenye Safari Rally, na gari lilikuwa 240Z. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya Amin kufungua mdomo Tororo, huyu mtu alikuwa tayari dereva wa kutisha. Kufukuzwa hakukumpa kitu. Alikuwa mtoto wa watu wenye mali, alikuwa na Kenya jirani ambako watu wa mbio walimjua, alikuwa na kampuni ya Japani iliyomwamini. Mwenzetu ni mwenzetu, lakini hema la Mulanda hakulijua, na mimi nilimvalisha hema letu ili lipendeze. Na jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa, yaani kuendesha, kulipenda lile dude lenye pua ndefu na kulielewa, kwenye orodha yangu halikuwepo hata kwa neno. Nilitaka machozi na kombe. Gari nililiona kama upuzi.

Ningeyaacha haya yawe makosa yangu ya zamani, lakini tumeyarudia mwaka huu, na safari hii aliyeumia yuko hai na anakuja Jumamosi.

Niliwapa vijana zoezi: andika safari ndefu ndani ya gari unalolitamani. Kumi na wanne waliandika. Wavulana wengi walifika Mombasa kwa kurasa mbili, spidi ya ajabu, polisi wameachwa vumbini, na hakuna aliyeonyesha karatasi popote. Zilikuwa za kufurahisha na zote zilikuwa moja. Binti mmoja aliandika kurasa nne. Ukurasa wa kwanza, yeye na mama yake wako ndani ya 240Z kutoka Kampala. Kurasa tatu zilizobaki wako kwenye foleni ya Busia. Hawafiki. Jua linageuka, mama anauza ndizi kwa dereva wa trela kupitia dirishani, afisa anakuja, anaondoka, anakuja mwingine. Sijasoma kitu kizuri kama kile kutoka kwenye kundi letu.

Tulikaa kikao cha uhariri tukaukata ukurasa wa kwanza. Sababu zetu zilisikika nzuri: ni mrefu, gari halina maana, foleni ndiyo uzoefu wetu wa kweli. Mimi niliunga mkono wa kwanza. Tukauchapisha kama “Foleni” katika toleo lililopita, na wengi mlituambia umewagusa. Binti hakusema kitu. Akakosa Jumamosi mbili. Ya tatu alikuja, akakaa mpaka wenzake wameondoka, ndipo akaniuliza, “Kaka, gari yangu mliipeleka wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilirudi nikausoma ukurasa wake tena. Ameandika kiti kinavyonuka ngozi na petroli. Ameandika kwamba kwenye mlima unaisikia giya kabla hujaiingiza, mkono unajua. Hajawahi kuendesha chochote, ameyaokota hayo kwa mafundi wa barabarani, akauliza na kuuliza. Bila ukurasa huo, watu walio kwenye foleni ni watu wanaosubiri tu, kama tulivyozoea kupigwa picha. Ukiwepo, unajua wanachosubiri nacho. Unajua ni kitu gani afisa anakigonga kwa kalamu yake akiuliza ni cha nani. Waandishi wa magari waliufuta mpaka ili gari lipite, nasi tukalifuta gari ili mpaka uonekane, na kwa mara zote mbili msomaji alipewa nusu ya mtu.

Nilimpigia mjomba, yuko Kiryandongo, bado anatengeneza, siku hizi pikipiki. Nilimuuliza kama alijua kwamba Mehta alifukuzwa Uganda. Akacheka. Alijua tangu kijana, kila fundi wa Eldoret alijua. Nikamuuliza mbona hakutuambia, usiku wote ule, tena tukiwa ndani ya Uganda yenyewe.

“Wee, ulikuwa na miaka minane,” akasema. “Ulikuwa unalala na viatu ili ukiambiwa kimbia usichelewe. Nikuambie hata Mehta walimfukuza?”

Kimekuwa kigumu kwangu kukihakiki hicho. Nilikuwa nimemweka mjomba kwenye fungu moja na waandishi wa makala, kwa kuwa wote waliruka mahali pamoja. Lakini wao waliruka kwa kuwa hawakuona kitu pale. Yeye aliona, akawapima wasikilizaji wake, akaruka. Bado nadhani alipaswa kurudi baadaye, tukiwa wakubwa, atupe sehemu iliyobaki. Nilimwambia hivyo. Akasema nami nilipaswa kumuuliza mapema, kisha akataka kujua kama 240Z ya kwenye picha ina taa nne za ziada mbele au mbili, maana anakumbuka nne.

Ukurasa wa kwanza wa yule binti umo kwenye toleo hili, mara tu baada ya makala haya. Tafadhali usome kisha urudi kwenye “Foleni”. Hatukugusa neno. Yeye mwenyewe ameongeza sentensi moja, kwamba kioo cha upande wa abiria hakipandi mpaka juu, na mama amekishika kwa kitambaa tangu Iganga.