Ungamo Bila Ondoleo

Kitabu Alcoholics Anonymous, kilichotolewa Marekani mwaka 1939, ndicho kilichoeneza zile hatua kumi na mbili zinazofuatwa katika nyumba nyingi za kuwatunza wanaume waliotekwa na pombe. Mwanzo wake ni mwema, maana mlevi hukiri kwanza kwamba hana uwezo. Mlutheri hawezi kuupinga. Shida imo katika hatua ya tano. Mtu aungama makosa yake mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yake na mbele ya mwenzake, kisha kitabu chamtuma nyumbani akae kimya muda wa saa moja, ajichunguze kama ameacha lolote. Neno la kusamehewa halikutamkwa. Katika hatua ya saba Mungu anaombwa aondoe kasoro. Lakini kasoro si deni. Katekisimo Ndogo ya Luther yasema kuungama kuna sehemu mbili, na ya pili ni ondoleo.

Kitabu kiliandikwa kwa watu wa imani zote, hata wasio na imani, tusikilaumu mno. Lakini chenyewe chamtaja mtumishi wa dini miongoni mwa wanaofaa kusikiliza. Mchungaji aitwaye hapo, akasikia yote na kumshika mtu mkono tu, amemnyima kile alichowekewa mikono akitoe.