Kusoma Tikiti Bila Kulikata

Katika soko la Muthurwa, Nairobi, kugonga matikiti ni mchezo wa wateja. Muuzaji aliyeiva kazini huanza kwa kuligeuza atazame tumbo, pale lilipolalia udongo. Likiwa jeupe, tunda lilivunwa mapema. Likiwa la njano, lilikaa shambani hadi siku yake. Kisha hulipima mkononi: tikiti zuri ni zito kuliko ukubwa wake. Kugonga ni mwisho kabisa, akitaka kujihakikishia. Bichi hulia kwa sauti kali, lililokomaa hujibu kwa uzito.

Ana sababu ya kuwa mkali. Embe lililokomaa ukilifunika huiva. Tikiti halina msamaha huo. Likishakatwa kwenye mmea haliongezi utamu hata chembe. Anachokisoma pale chini kwenye gunia, basi, ni kazi ya mtu mwingine, mbali, huenda Hola au Kilifi.

Huko joto ni rafiki, unyevu si rafiki. Jamaa wa karibu zaidi wa tikiti porini huota Kordofan, Sudan, nchi ya ukame, na mmea wenyewe haujasahau. Majani yakikaa na maji usiku kucha, chule na ubwiri huingia, na shamba linaweza kukauka matunda yakiwa bado machanga. Kwa hiyo mkulima wa pwani anayejua kazi huachanisha mimea hewa ipite, humwagilia asubuhi, shinani tu, na hutandika nyasi kavu chini ya kila tunda lisiozee tope.

Kinachonistaajabisha zaidi ni adabu yake kwa nyuki. Ua la kike, lenye kitikiti kidogo chini yake, hufunguka asubuhi na kufikia alasiri limefunga. Nafasi ni hiyo moja. Chavua ikiwa haba, tunda hukua upande mmoja likasinyaa upande wa pili. Ndiyo maana mkulima mzuri hupulizia dawa jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Lile tikiti lililopinda ambalo mteja wa Muthurwa hulisukuma kando mara nyingi linasimulia asubuhi ambayo nyuki walikuja wachache.

Mavuno ni siku 75 hadi 90 tangu kupanda, kutegemea mbegu, lakini kalenda haitoshi. Kuna kikamba kilichojiviringa karibu na kikonyo cha tunda. Kikikauka, wakati umekaribia. Kabla ya hapo mkulima amekwisha kupunguza maji ili sukari isizimuliwe. Nidhamu hii ni ngumu kuliko inavyosikika, maana dalali yuko shambani na lori ambalo halijajaa, na karo ya watoto haingoji kikamba kikauke. Matumbo mengi meupe yanayofika Nairobi, kwa maoni yangu, yanatokana na haraka hiyo wala si ujinga wa kilimo.

Mvua nayo ina hila zake. Ikinyesha siku za mwisho, tumbo huwa la njano vilevile na nyama huwa nyekundu, ila utamu umepungua. Hapo macho, mkono na sikio vyote vimeshindwa. Muuzaji hukata moja, akaonja, ndipo akataja bei ya mengine.