Kwa nini mayai ya kambare hugeuka meupe Dodoma

Weka kambare dume na jike kwenye bwawa la kuchimba hapa Dodoma, walishe vizuri mwaka mzima. Watanenepa, jike atajaa mayai tumboni, na hutaona kifaranga hata kimoja. Si ugonjwa. Samaki huyu hutaga mvua za kwanza zinapofurisha mito na maji yakapanda juu ya nyasi zilizokuwa kavu, kama yafanyavyo kwenye mbuga ya Bahi mwaka wa mvua nzuri. Bwawani hakuna mafuriko, kwa hiyo mayai hukomaa, hungoja, kisha mwili wa jike huyanyonya.

Ndiyo maana kambare hutotoleshwa kwa sindano. Njia hii ilifanyiwa kazi hapahapa Afrika, nchini Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati, katika miaka ya 1970. Mwaka 1996 FAO ikachapisha mwongozo wa de Graaf na Janssen, unaoeleza kazi yote hatua kwa hatua. Homoni huufanya mwili wa jike uachilie mayai kana kwamba mafuriko yamefika. Mayai hukamuliwa kwenye beseni, yanachanganywa na mbegu za dume, kisha yanatandazwa kwenye maji yanayotembea.

Mayai yakiharibika, cha kwanza kulaumiwa huwa ni maji ya visima. Ni kweli maji ya Makutupora, yanayonyweshea sehemu kubwa ya jiji, yana madini mengi. Mfugaji wa diskasi, samaki wa mapambo kutoka Amazon, angekuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu mayai ya diskasi hutaka maji laini. Kambare havutiwi wala hasumbuliwi sana na hilo. Mimi ningeanza kuchunguza baridi ya usiku.

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti hewa ya usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na tanki lililo kwenye banda la mabati hupoa pamoja nayo. Sasa tazama saa. Maji yakiwa nyuzi 26, jike huwa tayari kukamuliwa takriban saa 10 baada ya sindano. Yakiwa nyuzi 21, husubiri saa 18. Mtu amedunga saa mbili usiku, maji yakiwa na vuguvugu la mchana, akapanga kukamua saa kumi na mbili asubuhi. Usiku kucha maji yamepoa. Asubuhi anakamua, mayai hayatoki. Anaongeza nguvu, yanatoka mabonge yenye damu. Anasema homoni ni feki, kumbe jike alihitaji kungoja hadi mchana. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: aliyeweka kipasha maji kisha akalala hadi jua kali hukuta mayai yameiva kupita kiasi. Hayo hutoka kwa wingi, yanapendeza macho, lakini yanayorutubika ni machache.

Jike aliye tayari hahitaji kukamuliwa kwa nguvu. Ukipitisha kidole gumba taratibu kuelekea mkiani, mayai hutiririka moja moja, ya rangi ya kahawia inayoelekea kijani.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka: ukavu. Mbegu za dume huamka zinapoguswa na maji, na nguvu yake huisha baada ya dakika moja hivi. Tone lililodondoka kutoka kwenye tumbo la samaki ambaye hakufutwa kwa taulo huziamsha kabla hazijasambaa kwenye mayai. Beseni liwe kavu, mikono mikavu, samaki afutwe. Changanya kwanza, maji yafuate, koroga kwa dakika moja, kisha tandaza mara moja kwa sababu mayai hunata. Tabaka liwe moja. Yakirundikana, ya chini hukosa hewa, hufa na kuwa meupe, na kuvu ikianzia hapo huvamia hata yaliyo hai.

Dume naye achunguzwe. Hakamuliki, hivyo kwa kawaida huchinjwa ili korodani zitolewe. Korodani nono, nyeupe kama maziwa, ndizo za kutumia. Zikiwa nyembamba na zinapitisha mwanga, kazi ya usiku mzima imepotea. Andaa madume wawili.

Vifaranga wakishatoka, hatari hubadilika. Klorini ya maji ya bomba huwaua, kwa hiyo maji yakae wazi siku nzima yakipulizwa hewa kabla ya kutumika. Kiini cha yai huwalisha siku tatu hivi, baada ya hapo wanataka chakula hai. Na wakubwa hula wadogo, lazima uwachambue kwa ukubwa.

Mfugaji asiye na kipasha maji asitotoleshe Juni hadi Agosti. Anunue vifaranga Morogoro, ambako kuna kituo cha serikali cha Kingolwira. Anayeendelea, kabla hajaagiza chupa nyingine ya homoni, anunue kipimajoto, akitumbukize tankini, na aandike joto la maji kila saa moja tangu anapodunga hadi anapokamua.