Naruto Kafaulu au Kafeli? Ubishi wa Mwanjelwa na Kihesa

Ndugu msomaji, ubishi huu ulianzia kwenye banda la chipsi pale Mwanjelwa, Mbeya, ukapanda basi ukaenda Kihesa, Iringa, na mpaka naandika makala haya haujaisha. Tulikuwa tunabishania katuni. Najua wapo watakaocheka hapo hapo: vijana wazima na ndevu zao wanagombania katuni! Anayecheka acheke, lakini ajue kwamba hizi si katuni za kumwekea mtoto ili anyamaze anywe uji. Ni anime za Kijapani, hadithi ndefu kuliko riwaya yoyote tuliyosomeshwa shuleni, na vijana wa mjini wanawataja mashujaa wake kama baba zetu walivyowataja Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba na Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa.

Swali lenyewe lilikuwa fupi: Naruto ni kazi nzuri, au ni kazi inayopendwa tu?

Upande mmoja alikuwepo mshikaji wangu mmoja ambaye nilimaliza naye kidato cha nne na sasa anaendesha bodaboda. Kwake yeye Naruto ndiyo alfa na omega. Anayo yote kwenye flashi, na ukimgusa hapo umemgusa pabaya. Upande wa pili alikuwepo binamu yangu wa Kihesa, mwanachuo, ambaye kitu chochote kikipendwa na watu wengi basi kwake kina kasoro mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yeye ni mtu wa Monster. Mimi nilijifanya niko katikati, lakini nakiri nilimwelemea binamu, tena kwa sababu isiyohusiana na fasihi: nilitaka nionekane msomi.

Kwanza tuijue kazi inayoshitakiwa. Naruto ilitungwa na kuchorwa na Masashi Kishimoto. Ilianza mwaka 1999 katika jarida la kila wiki la Weekly Shonen Jump, ikamalizika mwaka 2014 ikiwa na sura 700. Anime yake ilianza mwaka 2002, sehemu 220, ikafuatiwa na Shippuden kuanzia 2007 hadi 2017, sehemu 500. Jumla 720, kila moja dakika ishirini na kitu. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya saa 240, yaani siku kumi mchana na usiku bila kufumba jicho. Mtu anayekuomba muda wote huo wa maisha yako, ni haki yako kumuuliza amekupa nini.

Hoja ya kwanza ya binamu ilikuwa hapo hapo kwenye muda. Alisema nusu ya kazi ile ni maji yaliyoongezwa kwenye mchuzi. Na kweli, karibu na mwisho wa mfululizo wa kwanza kuna sehemu zaidi ya 70 zilizofuatana ambazo hazimo kabisa katika hadithi ya Kishimoto. Washabiki wanaziita fila. Unamwacha Sasuke ameondoka kijijini, roho iko juu, halafu unapelekwa kumsindikiza mtu usiyemjua kwenda mahali usipopajali. Ukirudi, hakuna kilichobadilika. Hata shujaa mwenyewe hakumbuki kwamba alikwenda.

Hapa nilimtetea mshikaji kidogo, maana sababu yake naijua, na mwandishi chipukizi anapaswa kuijua. Kishimoto alikuwa anatoa kurasa takriban ishirini kwa wiki. Anime nayo ilikuwa inatoka kila wiki, na inakula kurasa haraka kuliko mtu mmoja na wasaidizi wake wanavyoweza kuzichora. Mbio zikifikia hapo, watengenezaji wana njia mbili: kusimama au kujaza. Kituo cha televisheni hakitaki kusimama. Basi wanajaza. Ni ugonjwa ule ule wa hadithi za magazeti yetu: kila wiki lazima kuwe na "itaendelea", hata kama hakuna kinachoendelea. Nimewahi kusoma hadithi gazetini ambamo dada mmoja alibisha hodi Jumatatu na mlango ukafunguliwa Jumatatu ya pili yake.

Monster haikuugua ugonjwa huo, na si kwa sababu Naoki Urasawa ni mtu mwema kuliko Kishimoto. Urasawa aliitunga kati ya 1994 na 2001 katika jarida la watu wazima linalotoka mara mbili kwa mwezi, na anime yake, sehemu 74, ilianza mwaka 2004. Hadithi ilikuwa imekwisha kabla hata kamera haijawashwa. Kwa hiyo mtu asiseme fila ni kasoro ya hadithi za kupigana. Ni kasoro ya kuanza safari kabla barabara haijalimwa.

Basi nikaona nikitoka na hoja hiyo tu nitaonekana nimekuja mikono mitupu. Nikatafuta hoja yangu mwenyewe, na nikaipata, na ndiyo iliyoleta kasheshe.

Naruto inaanza na mtoto yatima. Usiku aliozaliwa, mnyama mfano wa mbweha mwenye mikia tisa alikishambulia kijiji, na wakubwa wakamfungia mnyama huyo ndani ya mwili wa kitoto kichanga. Mtoto anakua, kijiji kinamkwepa, naye hajui kwa nini. Shuleni ni wa mwisho. Mtihani wa kumaliza ameufeli mara tatu. Anaapa kwamba siku moja atakuwa Hokage, mkuu wa kijiji. Baadaye anapambana na Neji, kijana wa ukoo mkubwa ambaye amekwishaamini kuwa mtu huzaliwa na hatima yake, na kuihangaikia ni kujichosha bure. Naruto anampiga. Ahadi ya hadithi ni hiyo: aliyeshindwa anaweza, na kuzaliwa si hukumu.

Sasa angalia malipo. Mbele ya safari tunaambiwa kwamba yatima huyu ni mtoto wa Hokage wa Nne. Mbele zaidi tunaambiwa kwamba nguvu ya Ashura, mwana wa yule Mhenga wa Njia Sita anayetajwa kama chimbuko la mashujaa wote, imeshuka hadi kwake. Yaani Neji alikuwa amesema kweli! Mtu huzaliwa na hatima yake, ila Neji alikosea tu kujua nani kazaliwa na ipi. Rock Lee, ambaye hakuwa na chochote ila jasho, anaachwa nyuma taratibu mpaka anakuwa mtu wa pembeni.

Nilimwambia mshikaji hivi, tena mbele ya watu pale kwenye chipsi: "Hii ni hadithi ya mtoto wa mkubwa aliyevalishwa matambara. Mmedanganywa."

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Alimaliza kula, akalipa, akavaa kofia yake ngumu akaondoka. Wiki tatu hakunisemesha. Sikuelewa mpaka nilipokumbuka kitu ambacho sikupaswa kukisahau: yeye amelelewa na bibi yake, baba hamjui, na mtihani wa kidato cha nne haukumwendea vizuri.

Katika wiki hizo tatu nilisafiri kwenda Iringa. Huko kwa binamu nilikuta ubishi una mtu wa tatu, dada mmoja fundi cherehani wa Miyomboni. Aliwasikiliza watu wa Monster na watu wa Naruto, akasema wote wameruka swali moja: wanawake wako wapi? Akamtaja Sakura. Msichana mwenye akili kuliko wenzake wawili, lakini kwa sehemu mamia kazi yake kubwa ni kulia na kumsubiri mvulana ambaye hata hamtazami. "Mimi Sakura ninao wateja kumi," alisema, "lakini angalau wateja wangu wana shughuli nyingine."

Yeye alisimama na Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, mwandishi mwanamke, ambamo wanawake ni mafundi, wanajeshi na majenerali, na hakuna anayewahutubia kwa sababu hiyo. Na kazi hiyo ni funzo jingine kuhusu ule ugonjwa wa kujaza. Ilitengenezwa mara mbili. Ya mwaka 2003, sehemu 51, ilimpita mwandishi njiani, ikajitungia mwisho wake yenyewe. Ya mwaka 2009, sehemu 64, ilimfuata Arakawa mpaka mwisho. Wapo wanaopenda ile ya kwanza kwa huzuni yake. Huyu dada alipenda ya pili, kwa sababu, alisema, kila uzi uliotolewa umerudishwa ndani ya nguo.

Basi nikamgeukia binamu na Monster yake. Mwanzo wake ni wa kutetemesha: daktari Mjapani, Kenzo Tenma, yuko hospitalini Düsseldorf mwaka 1986. Anaamriwa aache kumpasua mtoto aliyepigwa risasi kichwani ili amhudumie meya. Anakataa, mtoto anapona, meya anakufa. Miaka inapita, na mtoto yule amekuwa muuaji. Mgogoro wa nafsi uko pale, hauhitaji ngumi. Lakini nilimuuliza binamu: huyu Johan anawezaje kila kitu? Anaongea kidogo na mtu, mtu anajiua. Anatokea kila mji, anajua kila siri. Kazi inayojisifu kuwa ya watu wazima, yenye miji ya kweli na miaka ya kweli, imemweka katikati yake jini. Tofauti ni kwamba jini la Naruto lina mikia tisa na unaliona. Binamu alicheka, akasema, "Hapo umenibana." Hakuudhika. Yeye hana kitu chake ndani ya Johan.

Ndipo nilipoelewa. Binamu alikuwa anatetea uchaguzi wake. Mshikaji alikuwa anatetea kitu kingine.

Niliporudi Mbeya nilimtafuta kijiweni. Nikamwambia, kaka, nilikosa adabu. Hoja yangu naishikilia, lakini namna niliyoisema siishikilii. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema: "Wewe ulimwona baba yake. Mimi nilimwona yule mtoto kwenye bembea. Miaka yote ile hakujua kwamba ana baba mkubwa. Aliishi kama sisi."

Wanaoijua kazi hiyo wanaijua bembea. Wenzake wamefaulu, wazazi wamekuja kuwakumbatia, yeye amekaa peke yake kwenye bembea nje ya shule anatazama. Hakuna hotuba. Hakuna anayetueleza kwamba yatima ana huzuni. Nilirudi nikaitazama upya, halafu nikaendelea mpaka kwenye daraja la Zabuza na Haku, mtoto aliyeridhika kuwa silaha ya mtu kwa kuwa hapo kabla hakuwa chochote kwa yeyote. Hizo ni sehemu 19 tu za mwanzo. Mwandishi yeyote angejivunia kuzitunga.

Sasa hukumu. Shuleni tulifundishwa kuuliza, je, mwandishi amefaulu kifani na kimaudhui? Jadili. Tukajaza karatasi dhamira, ujumbe, wahusika bapa na duara. Wakubwa wetu nao walizigawa kazi mafungu mawili, fasihi pendwa na fasihi dhati, na Willy Gamba akawekwa fungu la kwanza ingawa Kufa na Kupona ya mwaka 1974 ilikuwa inapita mkono hadi mkono. Mimi nathubutu kusema mafungu hayo hayatusaidii hapa. Naruto ilipendwa na umati, na ndani yake mna mambo ya dhati kuliko baadhi ya vitu nilivyolazimishwa kuvikariri. Monster inaheshimiwa, na ndani yake mna hila ya kibiashara.

Ninachouliza siku hizi ni mambo mawili tu. Kazi imeniahidi nini, na imelipa? Na je, imeniheshimu muda wangu? Kwa vipimo hivyo Naruto imelipa vizuri sana mwanzoni, ikalipa kwa noti bandia mwishoni, na katikati imekula muda wa watu. Hiyo ndiyo hukumu yangu. Ila naongeza sharti: noti bandia ya mwisho haifuti noti halali ya mwanzo. Aliyeipokea ile ya bembea alipokea kitu cha kweli, na hakuna mhakiki mwenye haki ya kumwambia airudishe.

Mshikaji hakukubali hata neno moja kuhusu noti bandia. Lakini aliniomba mswada wangu wa riwaya, ule ambao nimekuwa nikiwatambia watu. Akakaa nao siku nne, akasoma akisubiri abiria. Aliponirudishia alikuwa amekunja kona za kurasa kuanzia sura ya nne mpaka ya saba.

"Hapa," aliniuliza, "ulikuwa unamsubiri nani?"

Nilikuwa sijajua mwisho wa hadithi, ndugu msomaji. Nilikuwa najaza. Sura hizo nimezitoa zote nne, na riwaya imebaki nyembamba kuliko nilivyotaka ionekane rafuni. Mwenye hoja tofauti kuhusu Naruto, au Johan, au Sakura, kalamu zipo na kurasa zipo. Aandike, tubishane.