Maneno ya Pembe ya Wino

Katika shule nyingi za nchi zetu, ambako Kiingereza na Kiswahili vyote viwili hupatikana darasani kabla ya kupatikana nyumbani, huzunguka vijitabu vya maneno magumu ya Kiingereza. Neno huandikwa upande wa kushoto, maana yake upande wa kulia, basi. Mwanafunzi huyakariri, huyatia katika insha yake, na mara nyingi huongezewa alama kwa ajili hiyo. Sisi twaviona vijitabu hivyo kuwa na upungufu mkubwa. Ili kuuonyesha, yatupasa kurudi Uingereza ya karne ya 16, ambako maneno ya namna hii yalizusha mabishano makali.

Wakati ule mwandishi alichukua wino wake katika kidau kilichotengenezwa kwa pembe. Maneno ya kisomi yaliyotolewa katika Kilatini na Kiyunani yakaitwa "inkhorn terms", maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa yalidhaniwa kutoka katika kidau cha msomi na wala si kinywani mwa watu. Jina hilo lilikuwa la dharau.

Mwaka 1553 Thomas Wilson alitoa kitabu chake juu ya ufasaha, The Arte of Rhetorique. Ndani yake alitia barua ya mzaha, ati imeandikwa na mtu wa Lincolnshire anayeomba cheo cha kanisa kilichokuwa wazi. Mwombaji huyo amelewa Kilatini. Hasemi neno la kawaida palipo na la kuazima. Wilson alitaka wasomaji wake wacheke, na bila shaka walicheka.

Lakini msomaji wa leo akiichukua barua ile atacheka nusu tu. Miongoni mwa maneno yaliyowekwa humo ili yadhihakiwe mna "celebrate", "capacity", "dexterity", "mundane", "frivolous" na "relinquish". Hakuna Mwingereza anayeyaona hayo kuwa kichekesho siku hizi. Pamoja nayo mna "obtestate", kusihi kwa kumfanya Mungu shahidi, "collaud", kusifu kwa pamoja, "fatigate", kuchosha, na "ingent", kubwa mno. Hayo yamekufa. Yote yalitoka katika chemchemi moja, yakawekwa katika barua moja, yakachekwa siku moja. Kwa nini basi mengine yakaishi na mengine yasiishi?

Hapa ndipo kijitabu cha orodha kinaponyamaza, na hapa ndipo mwalimu angepaswa kuanza. "Ingent" lilikuja kuomba kazi katika nyumba ambamo "great" na "huge" walikuwa wamekwisha ajiriwa. "Fatigate" lilikuta "tire" na "weary", na baadaye likaja "fatigue" kwa njia ya Kifaransa, lililo rahisi zaidi kutamka. "Dexterity", kinyume chake, lilipata kazi yake. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mkono wa kuume. Likaja kuwa jina la wepesi wa mikono, na pia wepesi wa akili katika kushughulikia mambo. Mwanafunzi wetu, ambaye lugha yake ya shule huuita mkono huohuo mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula, hatashindwa kuona jinsi mkono mmoja unavyoheshimiwa kuliko mwenziwe. "Mundane" nalo linatokana na neno la Kilatini la dunia. Kwanza lilikuwa "a kidunia" likitofautishwa na "a mbinguni"; leo hutumika zaidi kwa jambo la kila siku lisilo na mvuto. Anayekariri maana ya pili bila ya kuijua ya kwanza atapotea atakaposoma vitabu vya zamani.

Wilson alikuwa na haki ya kuwacheka wenye majivuno. Kosa lake, kwa maoni yetu, ni kuyahukumu maneno pamoja na wenyewe. Isitoshe, kitabu chake kimebeba neno la Kiyunani katika jina lake.

John Cheke alikwenda mbali zaidi. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kiti cha kifalme cha ualimu wa Kiyunani pale Cambridge, mwaka 1540. Hakuna awezaye kumwambia kwamba alichukia lugha za kigeni kwa kutozijua. Alipoifasiri Injili ya Mathayo, aliyakwepa maneno ya kuazima kwa kuunda ya kienyeji. "Centurion" akamwita "hundreder", mtu wa mia. "Lunatic" akamwita "mooned", aliyepatwa na mwezi. Ni maneno mazuri, na maana zake zaonekana wazi kama maji katika bilauri. Hayakushika. Tafsiri yake haikupigwa chapa hadi mwaka 1843, na kufikia hapo maneno mengine yalikuwa yamekwisha kaa mahali pake. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walimwita mtu huyohuyo "akida", neno ambalo watu wa pwani walikuwa wakilijua.

Mwaka 1557 Cheke alimwandikia Thomas Hoby barua akiitetea lugha safi isiyochanganywa. Alionya kwamba lugha inayokopa daima bila ya kulipa itafilisika, na katika kuonya hivyo akatumia neno "bankrupt", lililotokana na Kiitaliano, maana yake benchi lililovunjika! (Na "kufilisika" kwetu kuna asili ya Kiarabu, ni ndugu wa "fulusi".) Hatusemi hivi kumdhihaki. Mtetezi wa lugha safi kuliko wote alipohitaji silaha kali, aliichukua ghalani mwa jirani.

Waliofuata ni watunga kamusi. Robert Cawdrey, aliyekuwa mwalimu kama sisi, alitoa mwaka 1604 orodha ya maneno magumu yapatayo 2,500, na katika dibaji yake akayarudia maonyo ya Wilson karibu neno kwa neno. Kitabu chake kilikusudiwa kumsaidia msomaji kuelewa alichokisoma, na kwa hilo twamsifu. Henry Cockeram, mwaka 1623, aliongeza sehemu ya kugeuza neno la kawaida liwe la fahari. Baadhi ya maneno yake hayajaonekana kutumiwa na mtu yeyote nje ya kamusi. Vijitabu vya shuleni mwetu ni wajukuu wa Cockeram, si wa Cawdrey.

Twapendekeza zoezi hili kwa wenzetu wanaofundisha madarasa ya juu. Wanafunzi wapewe maneno kumi ya barua ya Wilson, matano yaliyo hai na matano yaliyokufa, bila ya kuambiwa yapi ni yapi. Kwa kila moja watafute neno lililokuwa likifanya kazi hiyo hapo kabla. Kisha wafanye vivyo hivyo kwa Kiswahili. Kompyuta ilipata kupewa jina la "ngamizi", na wengine huiita "tarakilishi", hasa Kenya. Madukani na maofisini watu wengi husema kompyuta. "Ikulu", makao ya mtemi kwa Wanyamwezi, liliingia katika Kiswahili cha dola na halijatoka. Wanafunzi waeleze ni kwa nini, na alama zitolewe kwa maelezo hayo.