Muujiza Duni: Henri Michaux na Yaonekanayo Nyuma ya Kope

Mwaka 1956, huko Monaco, kilitolewa kitabu ambacho jina lake la Kifaransa ni *Misérable miracle*. Ndani yake mna michoro na kurasa za mkono wa mwandishi, jumla 48, pamoja na maelezo ya siku ambazo mshairi Henri Michaux, mzaliwa wa Namur katika Ubelgiji, alikunywa meskalini na kuketi chumbani akiangalia yaliyompitia. Jina hilo lenyewe ni mtihani kwa mfasiri. Ukisema "Muujiza Mnyonge" umeuhurumia. Ukisema "Muujiza Fukara" umeufanya uombe. Nimeridhika na "Muujiza Duni", kwa kuwa Michaux hakuuhurumia hata kidogo. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye chemchemi ambayo washairi wengi waliisifu kwa mbali, akanywa, kisha akarudi kuandika kwamba kile alichokiona ni adui wa ushairi, adui wa tafakuri, na zaidi ya yote adui wa siri iliyomo katika mambo.

Hukumu hiyo ndiyo inayonifanya nikizungumzie kitabu hiki katika jarida la visiwani, mbali na Monaco. Katika mabaraza yetu ya ushairi haikosekani sauti, aghalabu ya kijana, idaiyo kwamba mshairi aliyekauka anahitaji tu kitu cha kumfungua, na kwamba walio nje wamekwishafunguliwa zamani. Sisi ambao tumeona unga ukiwala vijana wetu mtaa kwa mtaa tuna haki ya kuyasikia maneno hayo kwa uchungu. Lakini uchungu si uhakiki. Meskalini si unga, haitendi kama unga, na anayevichanganya viwili hivi hatamshawishi kijana yeyote mwenye akili. Jibu linalofaa ni kuyasoma waliyoyaandika hao waliofunguliwa, na kuuliza: je, kuna ushairi humo?

Kwanza tujue kinachoonekana. Meskalini hutoka katika peyote, aina ya dungusi ndogo isiyo na miiba iotayo Mexico na kusini mwa Texas. Arthur Heffter, Mjerumani, aliitenga mwaka 1897, na mwaka 1919 Ernst Späth akaiunda maabarani. Anayeinywa na kufumba macho huona, baada ya saa moja au zaidi, rangi na maumbo yanayojisogeza yenyewe, yasiyongoja amri yake. Silas Weir Mitchell, tabibu wa Philadelphia aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya, alieleza mwaka 1896 jinsi alivyoona mkuki wa jiwe la kijivu ukirefuka mpaka ukawa mnara mkubwa uliopambwa kwa vito. Miaka miwili baadaye Havelock Ellis, huko London, aliandika kuhusu pepo mpya ya kutengenezwa. Naye Albert Hofmann wa Basel, ambaye LSD ilimpata kwa bahati tarehe 16 Aprili 1943, alilala na kufumba macho akapitiwa na mfululizo wa picha na rangi zisizokoma. Siku tatu baadaye, alipoinywa kwa kukusudia, kila sauti iliyomfikia, hata ya kitasa cha mlango au gari lipitalo, ilijigeuza umbo na rangi.

Msomaji atasema: huu si ushairi ni nini? Minara, vito, sauti yenye rangi! Ni hapa ninapomwomba asiwe na haraka. Heinrich Klüver, mwanasaikolojia aliyetoka Ujerumani na kufanya kazi Marekani, alikusanya katika miaka ya 1920 maelezo ya watu waliokunywa peyote, na kitabu chake cha mwaka 1928 kinaonyesha kwamba chini ya fahari yote hiyo mna maumbo manne tu yajirudiayo. La kwanza ni wavu: kimia, masega ya nyuki, ubao wa sataranji, nakshi za fedha. La pili ni utando wa buibui. La tatu ni handaki, au faneli. La nne ni mzunguko unaojikunja kama gamba la konokono. Mtu wa Berlin na mtu wa Chicago, aliyesoma na asiyesoma, wote huanzia hapo. Mtoto anayejikandamiza macho kwa viganja huona jamaa wa maumbo hayo bila ya kunywa chochote, na wapo wenye maradhi ya kipandauso wanaoyajua vizuri kuliko wanavyotaka.

Sababu yake inapendeza kuijua. Sehemu ya nyuma ya ubongo ipokeayo habari za macho imepangwa kwa upendeleo: katikati ya uoni pamepewa uwanja mpana, na pembeni pamepewa uwanja mwembamba. Kwa hiyo mistari sambamba iliyonyooka ikijichora juu ya ubongo, mwenye ubongo haioni kuwa imenyooka; huiona kuwa duara zilizopangana kama handaki, au miale, au konokono, kwa kadiri ya upande mistari ilikoelekea. Wanahisabati Bard Ermentrout na Jack Cowan waliliandika jambo hili mwaka 1979, na Cowan na wenzake wakalipanua mwaka 2001. Mwaka 2016 watafiti wa Imperial College London waliwapa watu 20 LSD na kuwapiga picha za ubongo hali wamefumba macho. Waliona kwamba sehemu ya uoni ilipata damu zaidi na kuzungumza na sehemu nyingi za ubongo ambazo kwa kawaida haisemezani nazo kwa kiasi hicho, na kadiri mazungumzo hayo yalivyozidi ndivyo waliohusika walivyosema wameona mengi.

Haya yana uzito kwa mhakiki. Wavu na konokono si mali ya mwonaji. Ni umbo la chombo chenyewe, kama vile mlio wa ngoma isiyopigwa wimbo wowote. Gordon Wasson, mtu wa benki ya J. P. Morgan aliyekula uyoga huko Oaxaca mwaka 1955, aliandika kwamba aliona kwanza nakshi zenye pembe, zifaazo kupamba mazulia na nguo, kisha majumba yenye nyua na bustani. Na yote hayo yalikuja macho yakiwa wazi au yamefumbwa. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza juu ya wasukaji wetu wa mikeka, ambao huhesabu chane, huzitia rangi, huzisuka ukili na kuuunga ukili kwa ukili mpaka nakshi ikajibu nakshi. Kazi hiyo ina jasho, hesabu na khiyari. Ile ya Wasson haina hata kimoja katika hivyo vitatu. Kuiona ni kuletewa.

Aldous Huxley ni shahidi wa ajabu katika kesi hii. Mwaka 1953, huko Los Angeles, alikunywa sehemu nne za kumi za gramu ya meskalini mbele ya tabibu Humphry Osmond, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, *The Doors of Perception*, kimekuwa mlango wa wengi. Lakini wanaokitaja aghalabu hawakisomi. Huxley alitarajia kulala na kufumba macho akiangalia miujiza, hakuipata. Anakiri kwamba tangu zamani hana uwezo wa kuona picha akilini, na machache yaliyomjia nyuma ya kope aliyaona rahisi, kama vitu vya plastiki au bati lililopakwa rangi. Alipofumbua macho ndipo alipoona: maua matatu ndani ya chombo, miguu ya kiti, mikunjo ya suruali yake. Kurasa zake nzuri kupita zote zinahusu mikunjo ya nguo, na alizipata kwa kuwa alikuwa ameishi miaka mingi na picha za wachoraji wa Italia. Maarifa hayo hayakutoka katika kidonge. Pale anapokiacha kiti na kuanza kuhubiri juu ya Ukweli wenye herufi kubwa, namwona analegea, na hoja zake zinakuwa za mtu mwenye elimu pana aliyekwishaamua kabla ya kunywa.

Michaux hana mahubiri. Alikuwa na umri wa miaka 55 alipoanza, mwezi Januari 1955, na aliwaonya wasomaji kwamba yeye kwa tabia ni mnywaji maji. Kinachomtenga na wengine ni kwamba haraka sana aliacha kusimulia *nini* alichoona na kuanza kuandika *vipi* kilikuwa kinakwenda. Rangi anazitaja kwa dharau, kama mtu aliyeingizwa kwa nguvu katika duka la mapambo ya bei rahisi. Milima inapanda, miji inapanda, haikai. Kinachokaa ni mwendo: mtikisiko, kasi, kitu kimoja kurudiwa mara mia bila ya nafasi ya kupumua, na mfuo unaopasua katikati ya kila kitu kama mfuo wa jembe. Ndiyo maana michoro yake ya wino, yenye mistari myembamba inayotetemeka pande mbili za uti wa katikati, inasema zaidi ya vitabu vingi vya picha za rangi. Haikuchora njozi. Imechora mkono wa mtu anayepitiwa na njozi.

Nathari yake nayo imebeba alama hizo. Sentensi zinakatika, zinarudia nomino pekee bila ya vitenzi, na pambizoni mna maneno mengine madogo yanayokwenda sambamba na matini, kama kwamba msemaji wa pili amekaa ubavuni akisahihisha au akikimbia mbele. Sisi tuliolelewa na vitabu vya dini vyenye hashia tunaijua sura hiyo ya ukurasa, ila hashia ya Michaux haifafanui matini, inashindana nayo. Ni mbinu iliyozaliwa na haja, na hapo ndipo ninapomsifu. Simsifu kila mahali. Katikati ya kitabu mna kurasa zinazochosha kwa sababu kichosho ndicho anachokieleza, na mwandishi hodari angalipaswa kujua kwamba takriri ikizidi kipimo humfanya msomaji aruke mistari. Sura iliyo kilele ni ile ya siku alipokunywa kwa kukosea mara sita ya kipimo chake. Hapo dharau inamtoka, hofu inaingia, na kwa mara ya kwanza anaandika kama mtu mwenye kitu cha kupoteza. Mwaka 1963 alishirikiana na Eric Duvivier kutengeneza filamu ya mambo haya kwa ajili ya kampuni ya dawa ya Sandoz. Haikumridhisha, na mtu aliyemsoma hawezi kushangaa. Filamu huonyesha picha, naye alikwishasema kwamba picha ndicho kitu kidogo kuliko vyote.

Nimekuwa nikifasiri kurasa kadhaa za kitabu hiki, nikiwa na Kifaransa nilichojifundisha kwa kamusi na tafsiri ya Kiingereza ya Louise Varèse pembeni. Tatizo la kwanza halikuwa kasi ya sentensi, bali neno moja: huyu mtu anaona nini? Kiswahili kina utajiri unaotia mtu taabani. *Ruya* ni ya anayelala, na ina heshima ya dini. Siwezi kumpa Michaux aliyekuwa macho na mwenye kejeli. *Njozi* inamtukuza. *Mazigazi* ni ya jua na barabara, iko nje ya mtu. *Mauzauza* yana mtu au pepo anayeyatenda. *Kiinimacho* kina fundi na watazamaji. Yabaki *maruweruwe*, neno la homa, la mgonjwa anayeona visivyokuwepo, na lenye sauti inayojirudia kama vitu vyenyewe vinavyojirudia. Nimelichukua hilo. Huxley angalilikataa, maana yeye alitaka neno la kufunuliwa. Nasi tunalo, toka shina lile lile la Kiarabu lililotupa jina la *Al-Inkishafi*, utenzi wa Pate. Ila shina hilo siku hizi sokoni limezaa *kashfa*, na mfasiri lazima ajihadhari asije akamfanya Huxley mtu wa magazeti.

Na yupo wa tatu, ambaye hakuandika kitu. María Sabina, mganga wa kabila la Wamazateki katika mji wa Huautla de Jiménez, ndiye aliyempa Wasson uyoga usiku ule wa Juni 1955. Kazi yake ilifanyika usiku, mishumaa ikizimwa, kwa hiyo kufumba au kufumbua kulikuwa sawa. Hakujua kusoma. Katika maisha yake aliyomsimulia Álvaro Estrada, Mmazateki mwenzake, na kuchapishwa mwaka 1977, anaeleza kwamba uyoga ulimletea Kitabu, naye akakisoma. Nyimbo zake za usiku mmoja wa mwaka 1956 zilitolewa katika sahani ya santuri mwaka uliofuata. Ukizisikiliza utatafuta bure wavu, handaki na vito. Hasimulii anachokiona hata kidogo. Anajitaja kwa sifa moja baada ya nyingine, anaita, anapiga makofi, anamtafutia mgonjwa njia. Alilipa ghali: wageni walipofurika kutafuta njozi, nyumba yake ilichomwa moto, na mwenyewe alisema kwamba tangu walipokuja uyoga ulipungukiwa na nguvu.

Katika nyimbo hizo, mwisho wa kifungu baada ya kifungu, hurudi neno fupi, *tso*, lenye maana ya kusema: si yeye asemaye, kuna kinachosema kupitia kwake. Wafasiri wa Kiingereza wamelazimika kuchagua msemaji ni nani. Uyoga aliuita pia watoto watakatifu. Basi aseme mmoja au waseme wengi? Kwa Kiswahili hakuna haja ya kuchagua. *Wasema*: uyoga wasema, watoto wasema, wewe wasema.